Siku mwenyekiti alipokaa chini ya wanachama wake

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Nina spika nne kubwa, mbili ndogo, miksa ya chaneli 12, maiki ambazo hupungua kila baada ya harusi, na kirikuu cha kubebea vyote hivyo. Naishi Majengo, Moshi. Kama umewahi kualikwa kipaimara upande huu wa mlima ukamsikia MC vizuri bila kukunja uso, huenda ni mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya pazia na sahani ya pilau mapajani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mangi, shughuli yetu tuipeleke ukumbi gani?" Siku hizi wengi wanaouliza wameshasikia kwamba vyuo vinakodisha. Ni kweli vinakodisha. Wanafunzi wakifunga katikati ya mwaka wanaondoka na masanduku yao, lakini majengo hayaendi likizo. Yanataka rangi, yanataka mlinzi, yanataka umeme. Basi chuo kinafungua geti na sisi tunaingia na mawaya yetu. Na huku kwetu vyuo havijapungua: Ushirika pale barabara ya Sokoine, hospitali ya KCMC na chuo chake cha udaktari, Mwenge, Mweka huko juu kwenye njia ya kushukia mlima. Ukielekea Arusha unapita Makumira, unapita Tengeru kwenye taasisi ya Nelson Mandela, na ukiingia mjini ukakata kwenda Njiro unakuta Chuo cha Uhasibu na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti. Katika safari ya kilomita 80 mtu wa mitambo hakosi pa kuchomeka waya.

Zamani nilikuwa nikitaja tu ukumbi, natoa na bei, basi. Siku hizi nauliza kwanza: mkutano ni wa nani? Sababu ni mkutano mmoja wa mwaka juzi, mwezi wa nane.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Miaka yote walikuwa wakikutana ukumbi wa parokia. Unaujua hata kama hujaingia: sakafu tambarare, viti vya plastiki, bati juu, na mbele jukwaa la zege ambapo bodi hukaa nyuma ya meza yenye kitambaa na maua yasiyonyauka. Mwaka ule parokia walikuwa wanaezeka upya. Katibu akahangaika wiki mbili, mwisho akapata ukumbi wa mihadhara katika chuo kimoja.

Jana yake nilikwenda kupima sauti. Nilipofungua mlango nilisimama kwanza. Ukumbi umejengwa kama nusu ya bakuli. Safu za viti zinapanda ngazi kwa ngazi kuelekea nyuma, mbele ya kila kiti pana ubao wa kuandikia, na vyote vimefungwa sakafuni kwa nati. Huwezi kuhamisha hata kimoja. Chini kabisa, kwenye kitako cha bakuli, pana ubao mweupe, meza moja ya mwalimu na nafasi ya watu sita kukaa wakibanana. Katibu akazunguka mara mbili, akaniuliza, "Sasa meza kuu tunaiweka wapi?"

Nikamwonyesha pale chini.

"Yaani viongozi wakae shimoni?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga kofi moja katikati ya ukumbi, ndivyo ninavyosalimiana na kila chumba. Katika ukumbi wa parokia kofi hilo hurudi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 25 kutoka kwako, sauti huenda na kurudi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hapo ndipo MC anapoanza kugongana na maneno yake mwenyewe. Wengi hudhani dawa ni kuongeza sauti. Ukiongeza unaongeza mwangwi pia. Kinachosaidia ni watu: nguo na miili inameza sauti, ndiyo maana ukumbi mtupu hudanganya na mimi hukataa kusifiwa kabla wageni hawajakaa. Lakini ule wa chuo kofi lilikufa papo hapo. Kila kiti kiko juu kidogo ya kile cha mbele yake, hakuna kichwa cha mtu kinachoziba sikio la mwenzake. Walioujenga walitaka mwalimu mmoja, tena mwenye mafua, asikike hadi safu ya mwisho bila chombo chochote.

Nilifunga spika mbili tu. Nilijihisi kama mpishi aliyeitwa kwenye nyumba ya watu walioshiba.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi wenzangu hawatafurahi nikilisema. Kwenye ukumbi tambarare, maiki ni rungu la mwenyekiti. Mwanachama wa nyuma akitaka kuuliza, lazima asubiri kijana wangu amfikishie. Bila maiki hasikiki, na asiyesikika hajauliza. Wenyeviti wanalijua hilo. Yupo mmoja aliyenifundisha ishara kabisa: akishika sikio, punguza, akikuna shingo, kata. Mtu anaendelea kufungua mdomo, sauti haitoki, nyuma wanaanza kucheka, na mimi najifanya nahangaika na waya. "Samahani, maiki imeleta shida kidogo, tuendelee na ajenda." Nimefanya hivyo mara ngapi sitasema. Nilikuwa nimelipwa.

Mwenyekiti wa chama hiki alikuwa wa aina hiyohiyo, si mtu mbaya, ila mtu aliyezoea jukwaa. Asubuhi aliingia na suti ya kijivu, akaangalia juu kule wanachama walikokuwa wakijaza safu, akaangalia kiti chake chini, akaniangalia mimi. Nikainua mabega.

Walikuja kama watu 240. Walipewa makabrasha, kila mmoja la kwake, na hapa nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitarajia. Kule parokia kabrasha hukaa mapajani, na ikifika saa tano jua likiwa limepiga bati linageuka kipepeo. Humu kila mtu alikuwa na pa kuliweka. Wakaliweka. Wakatoa kalamu. Wazee wenye miwani wakavaa miwani. Mtunza hazina alipotamka "ukurasa wa tisa", nilisikia karatasi zikigeuzwa ukumbi mzima kwa pamoja, kama mvua inayoanza kwenye migomba. Miaka yote ya mikutano mikuu sijawahi kuusikia mlio huo.

Muhtasari wa mkutano uliopita ulipita. Taarifa ya bodi ikapita. Hesabu zilizokaguliwa zikapita kwa shida kidogo. Ukomo wa madeni ukapita. Yakaja makisio ya mwaka unaofuata, na safu ya sita mama mmoja wa Uru, kitenge cha bluu na sweta juu yake, akainua kidole. Hakusimama. Angesimama kwa nini, alikuwa tayari juu ya mwenyekiti kwa kimo cha mtu mzima.

"Ndugu mwenyekiti, fungu la posho za vikao limepanda. Fungu la mafunzo ya wanachama limeshuka. Naomba nielezwe, zimehamaje?"

"Mama, subiri maiki ikufikie."

Kijana wangu ndiyo kwanza alikuwa ngazi ya pili. Yule mama akawageukia wenzake. "Jamani, nasikika?"

"Unasikika!"

Mwenyekiti akakuna shingo. Nikamtazama, nikamwonyesha viganja vyangu vitupu. Hakukuwa na cha kukata. Spika zangu zilikuwa zimenyamaza na mama alikuwa anasikika hadi kwa mlinzi mlangoni, bila kupaza sauti, kama mtu anayeongea sebuleni kwake. Wa safu ya tisa akadakia. Wa upande wa pili akamjibu yule wa safu ya tisa moja kwa moja, bila kupitia kwa mwenyekiti, kwa sababu safu zimejipinda na mtu anamwona mwenzake usoni. Kule parokia unaona kisogo tu. Mwenyekiti akawa anageuza shingo huku na huku, kidevu juu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mkutano uliopangwa kwisha saa saba ukaisha saa kumi. Pilau ikapoa, kachumbari ikalia. Fungu la posho likarudishwa kama lilivyokuwa mwaka wa nyuma. Wakati wa kunilipa mwenyekiti aliniambia, "Fundi, leo sauti yako haikuwa nzuri." Nilipokea nikashukuru.

Mzee mmoja aliyenisaidia kukunja waya hakushangaa kama mimi. Alinikumbusha kwamba huku watu walianza kubishana kuhusu pesa za pamoja kabla baba yangu hajazaliwa: KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa, kilianza 1933, na Chuo cha Ushirika kikafunguliwa hapahapa Moshi 1963, kufundisha watu jinsi ya kuviendesha vyama vyao. Chuo Kikuu kamili kimekuwa 2014. "Sisi maneno tunayo," aliniambia. "Tulichokuwa hatuna ni viti vinavyopanda."

Tangu hapo nimekuwa na ugonjwa wa kuziangalia kumbi. Nilipokwenda Arusha kufuata spea nilipita pale karibu na Mnara wa Mwenge, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Jengo lilikuwa kituo cha jamii tu, dogo kuliko unavyofikiria, na ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa Januari 1967 kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari. Nilijizuia kupiga kofi. Halafu huko juu kidogo iko AICC, majengo yaliyokusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977 na mwaka uliofuata yakawa kituo cha mikutano. Humo ndimo mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipofanyia kazi hadi 2015. Kule wana vibanda vya wakalimani na mafundi wanaovaa tai. Chuo hakishindani na AICC, na anayekuambia kinashindana anataka kukuuzia kitu. Ila chama cha watu 240 wanaochangia elfu tano tano hakiendi AICC. Kinakwenda chuoni.

Kwa hiyo, kwa mkutano wenye hesabu ndani yake, jibu langu ni chuo, ukumbi wa ngazi, na spika mbili zinatosha. Kwa sherehe jibu langu ni refu na limejaa machungu.

Kwanza ndafu. Niliwahi kuona ndafu ikishushwa kwenye ukumbi wa ngazi, kwenye sherehe ya kumpongeza kijana aliyemaliza shahada. Mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa kwenye sinia, majani mdomoni, amebebwa na vijana wawili wanaocheza huku wakishuka ngazi moja moja, na MC anawahimiza waongeze madoido. Ngazi za ukumbi wa mihadhara zimepimwa kwa hatua ya mwanafunzi mwenye begi. Hazikupimwa kwa mbuzi. Kwenye ngazi ya nne kijana wa mbele alishuka mapema kuliko wa nyuma. Mbuzi hakuanguka, nashukuru, ila majani yalimtoka mdomoni na mafuta yakamwagikia koti la mjomba. Mjomba alikaa nalo hadi mwisho, amelikunja mapajani, hasemi na mtu.

Tena kwenye vyuo vya makanisa bia hairuhusiwi ndani ya geti, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ni vilevile hata ukiiita uji. Nimewaona wazee wa ukoo wakitoka mmoja mmoja "kupokea simu" na kurudi wamechangamka. Mlinzi anawahesabu wanavyotoka na wanavyorudi, haulizi.

Machungu yenyewe ni haya. Tulikuwa na sendofu katika chuo ambacho sikitaji, mwezi wa tisa. Ukumbi mzuri, bustani nzuri, mlima umejitokeza asubuhi nzima. Barua iliandikwa mapema, ikagongwa muhuri. Malipo unayajua: chuo cha serikali hupokei risiti ya mkononi, unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, basi. Vyote vilikuwa sawa. Saa tisa alasiri nikafungua muziki wa kupokelea wageni. Dakika kumi hazijapita, akaja mwanamke wa makamo, viatu vya chini, karatasi mkononi. Hakugomba. Alinisogelea sikioni akasema, "Baba, vijana wanaandika."

"Wanaandika nini, mama?"

"Sapu."

Jengo la pili, hatua kama thelathini kutoka kwenye spika zangu, walikuwa wamekaa vijana wa mitihani ya marudio. Madirisha wazi. Na besi, mtu asikudanganye, haizuiliwi kirahisi na dirisha wala ukuta, inapita hata sakafuni. Ofisi moja ilikuwa imetupa ukumbi, ofisi nyingine ilikuwa imepanga mitihani, na ofisi hizo mbili hazikuwa zimesalimiana. Kamati nayo ilikagua vyoo, ikakagua maegesho, lakini hakuna aliyeomba kuona kalenda ya masomo.

Nikazima. Mtihani ulikuwa unaisha saa kumi na mbili. Wageni 180 wamekaa na soda zinazopata moto, MC anaongea kama yuko msibani. Baba wa binti akanijia mara tatu. "Mangi, hata kidogo tu?" Nikamwambia, "Mzee, fikiri mmoja wao ni mwanao." Akanijibu kwamba mmoja wao ni mwanawe kweli, mdogo wake binti anayeagwa, ndiyo maana walipachagua pale, amalize mtihani avuke tu kiwanja. Hapo nilikaa chini.

Saa kumi na mbili na dakika tano kijana akatokea mlangoni na shati jeupe na kalamu mfukoni. Nikafungua muziki wote. Aliingia kama ndiye bwana harusi, akaogeshwa vigelegele kuliko dada yake, na dada alinuna kidogo, nilimwona. Sapu yenyewe sijui iliishaje.

Kuna shughuli ambazo chuo kimezizoea, hazimsumbui mtu. Kila mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi watu wa Kilimanjaro Marathon hujaa uwanja wa Ushirika tangu giza la alfajiri, na mji mzima unalala mapema jana yake. Makongamano ya vijana wa makanisa nayo ni ya amani: wanalala mabwenini kwenye vitanda vya juu na chini, kila mtu na shuka lake na ndoo yake, asubuhi maombi, usiku maombi. Mimi hupenda kazi hizo kwa sababu maiki zote hurudi.

Narudi kwenye ule mkutano mkuu, maana haukuishia siku ile.

Katikati ya mabishano mtunza hazina alinyanyuka kueleza yale mafungu kwa maandishi. Ubao ulikuwa umejaa hesabu za mwalimu fulani, herufi za Kigiriki na mishale, na pembeni kwa wino mwekundu: USIFUTE. Akafuta. Akaandika mafungu yake, akajumlisha, akapigia mstari mara mbili kwa mbwembwe. Hakuna aliyejali.

Asubuhi ya pili katibu akanipigia, sauti imemkauka. Chuo kinauliza nani kafuta ubao, mwalimu alikuwa na kazi ya miezi pale. Nikakumbuka kijana wangu: siku moja kabla ya mkutano, wakati mimi napima sauti, alikuwa anajipiga picha za kuweka kwenye simu. Nikamwambia afungue zote. Katika ya tatu yumo yeye, vidole viwili juu, na nyuma yake ubao mzima, kila mshale unaonekana. Katibu akanipa namba ya mwalimu. Nikamtumia picha pamoja na samahani ndefu.

Alijibu baada ya saa moja. Alishukuru sana, akasema kila kitu kinasomeka, na kijana ana meno mazuri. Kisha ukaingia ujumbe wa pili.

"Ila huyo aliyeandika hapa jana, mafungu yake nimeyajumlisha mara mbili. Mbona hayafiki alipopigia mstari?"

Namba ya mwenyekiti nilikuwa nayo. Nikaanza kuulizia ya yule mama wa Uru.